Poinsetia nyekundu kwa Krismasi, Mtwara: shajara ya mradi

Julai, wiki ya tatu

Lengo la mradi ni vyungu 48 vya poinsetia vilivyokolea wekundu kufikia Desemba 20, vikiwa vimeoteshwa na kukuzwa hapa hapa Mtwara Mikindani, bila kuletewa hata kimoja kutoka mikoa ya baridi. Pembeni yake tunaandaa vitunguu vya amarilisi, ua linalochipua kutoka kwenye kitunguu, kwa ajili ya nyumba zisizo na muda wa kuhangaika na poinsetia.

Ukitembea mjini mwezi huu utaziona poinsetia za uani, zile ndefu zilizopandwa ardhini, zimewaka nyekundu. Ikifika Desemba zitakuwa na majani ya kijani matupu. Wengi husema mmea umekosea majira, kumbe uko sahihi kabisa. Poinsetia hupima urefu wa giza. Giza lisilokatizwa likizidi saa 12 hivi kila usiku, ncha ya tawi huacha kutoa majani ya kawaida na kuanza kutengeneza ua. Kwao Meksiko, na huko Marekani na Ulaya ilikopelekwa baadaye, usiku mrefu ni wa Desemba, ndiyo maana ikawa ua la Krismasi. Jina lake linatokana na Joel Roberts Poinsett, mwakilishi wa kwanza wa Marekani nchini Meksiko, aliyeupeleka mmea huu kwao South Carolina katika miaka ya 1820.

Sisi tuko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni mchana wetu una saa 11 na nusu. Mwishoni mwa Desemba una saa 12 na dakika 43 hivi. Tofauti imezidi kidogo tu saa moja. Mtu haioni, lakini kwa mmea huu ndiyo inayoamua kila kitu. Krismasi yetu inaangukia kwenye usiku mfupi kuliko wote wa mwaka, kwa hiyo kazi kubwa ya mradi itakuwa kutengeneza giza. Mbolea na maji vinafuata nyuma.

Jambo la kuliweka sawa mapema, kwa sababu linabadilisha namna ya kuitunza: yale mekundu ni majani. Ua lenyewe ni vile vifundo vidogo vya kijani na njano vilivyojikusanya katikati. Majani mekundu hudumu wiki nyingi. Vifundo vikishaanza kupukutika, ujue ua linaelekea ukingoni.

Hesabu tumeifanya kwa kurudi nyuma. Tangu giza linapoanza hadi ua kukomaa ni wiki 8 hadi 10, kutegemea aina. Kwa joto la pwani tumeongeza wiki 2. Hivyo giza linaanza Oktoba 1. Ncha za miche zikatwe wiki 3 kabla ya hapo, yaani kufikia Septemba 10. Miche iwe imeshahamishiwa vyunguni wiki 2 kabla ya kukatwa ncha, yaani mwishoni mwa Agosti. Na kwa kuwa kipandikizi hutaka wiki 4 kutoa mizizi ya kutosha, vipandikizi vinakatwa wiki ijayo.

Mimea mama ilipogolewa Aprili, na tangu hapo iko chini ya taa. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanakata vipandikizi Julai kutoka kwenye tawi lililokwisha kuwa jekundu. Tawi la namna hiyo lina akili ya kutoa ua, si mizizi. Litakaa wiki nzima likiwa zuri, kisha linaoza. Ili mmea mama ubaki kwenye majani, giza la usiku linakatwa vipande viwili kwa taa. Tunatumia balbu za LED za wati 9 zenye mwanga wa manjano, moja kila mita moja na nusu, zikining'inia mita 1 na robo juu ya mimea. Zinawaka saa 4 usiku na kuzimika saa 8 usiku, kwa taima ya kwenye soketi. Umeme ukikatika usiku mmoja hakuna neno. Ukikatika siku nyingi mfululizo, ncha zitaanza kugeuka.

Julai, wiki ya mwisho: vipandikizi

Kipandikizi kizuri kina urefu wa sentimita 8 hadi 10, majani 3 au 4 yaliyokomaa, na ncha hai. Kata asubuhi mapema wakati mmea una maji mengi, chini kidogo ya kifundo cha jani, kwa wembe mpya. Utomvu mweupe utatiririka mara moja. Tumbukiza kitako cha kipandikizi kwenye ndoo ya maji safi kwa dakika 10 hadi 15 mpaka utomvu ukome, maana ukigandia pale chini unaziba na kuozesha.

Poinsetia ni ukoo mmoja na muhogo na mnyaa. Utomvu wake si mkali kama wa mnyaa, ambao ukiingia jichoni ni hatari kubwa, lakini nao huwasha ngozi na kuumiza macho. Vaa glavu, usijifute uso kwa mkono wenye utomvu. Ule uvumi kwamba jani moja linaua mtoto hauna ukweli; mtoto akilitafuna atawashwa mdomo na pengine kutapika. Hata hivyo vyungu viwekwe mbali na mikono ya watoto wadogo.

Vipandikizi vimeingizwa kwenye viriba vyenye mchanga wa mtoni na vumbi la makumbi ya nazi, nusu kwa nusu. Vimezama sentimita 2 na nusu tu. Juu yake kuna upinde wa fito na nailoni angavu, na juu ya nailoni wavu wa kivuli. Upepo wa kusi mwezi huu ni mkavu na hauchoki. Kiriba kikiachwa wazi, majani yananyauka kabla ya saa sita. Kwa wiki mbili za kwanza tunanyunyizia majani ukungu wa maji mara 4 au 5 kwa siku. Baada ya hapo nailoni inafunguliwa kidogo kidogo.

Agosti, wiki ya pili: makumbi na chumvi yake

Vumbi la makumbi linastahili maelezo marefu, kwa sababu pwani yetu inalo kwa wingi na kwa bei ndogo, na ndilo linaloua miche mingi bila mtu kujua. Makumbi yanayotumika kutengenezea kamba za usumba hufukiwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi, mpaka yalainike, ndipo yapigwe. Usumba ukishatolewa, kinachobaki ni vumbi lililonywa maji ya bahari muda wote huo. Limejaa chumvi. Ukilijaza kwenye chungu hivyo hivyo, majani ya poinsetia yatakauka pembeni kwa rangi ya kahawia ndani ya wiki chache, na ukingo wa chungu utaota ukoko mweupe. Mtu akiona majani yanakauka anaongeza mbolea, na mbolea nayo ni chumvi.

Tunaliosha hivi. Ndoo 1 ya vumbi kwa ndoo 2 za maji baridi. Linalowekwa usiku kucha, asubuhi linamiminwa kwenye kiroba kilichotobolewa na kukamuliwa kwa kukanyaga. Linalowekwa tena. Mara ya kwanza maji yanatoka meusi kama chai ya rangi na ukiyagusisha ulimini unasikia chumvi waziwazi. Mara ya tatu yamekuwa ya kahawia hafifu. Tunaendelea mpaka ladha ya chumvi iishe kabisa, ndipo linaanikwa kivulini. Makumbi mabichi ya shambani, yasiyofika ufukweni, yana chumvi kidogo zaidi lakini nayo tunayaosha.

Maji ya kumwagilia yana habari hiyo hiyo. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na vile vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe vina chokaa nyingi. Chokaa inainyima poinsetia madini ya chuma: majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Maji ya mvua ndiyo bora, ila sasa ni kiangazi. Hapa kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa miezi hii tunatumia maji ya bomba yaliyolala kwenye pipa usiku mmoja.

Agosti, wiki ya mwisho: kuhamishia vyunguni

Mizizi imetokeza pembeni mwa viriba, myeupe na migumu. Iliyo ya kahawia na inayovulika kama soksi imeoza. Mche wa aina hiyo unatupwa pamoja na udongo wake.

Mchanganyiko wa vyungu: debe 2 za vumbi la makumbi lililooshwa, debe 1 ya mboji iliyoiva, debe 1 ya mchanga wa mtoni, na nusu debe ya pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi. Udongo wa shambani hatuuweki, kwa sababu ya minyoo ya mizizi na vimelea vya kuozesha shingo. Samadi mbichi pia hapana. Na kwa kuwa tuko Mtwara, lazima lisemwe: maganda ya korosho yasitumike, hata kidogo. Mafuta yake yanachoma ngozi ya mtu, na mizizi nayo haisalimiki.

Chungu kina kipenyo cha sentimita 15. Dumu la lita 5 lililokatwa nusu linafaa vilevile, mradi litobolewe matundu 5 au 6 chini. Mche unapandwa kwenye kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Ukifukia shingo, inaoza.

Mbolea inaanza wiki moja baada ya kuhamisha: kijiko kimoja cha chai, sawasawa gramu 5, cha NPK 17:17:17 kwenye lita 5 za maji, mara moja kwa wiki, chungu kikiwa na unyevu tayari. Chembe zake haziyeyuki zote. Koroga, acha itulie, tumia maji ya juu. Urea tumeiacha. Mara moja kwa mwezi tunatoa chumvi ya Epsom, kijiko cha chai kwa lita 4, maana poinsetia hutumia magnesiamu nyingi. Ikipungua, majani ya chini yananjanika katikati ya mishipa. Usichanganye na upungufu wa chuma, ambao huanzia majani ya juu.

Taa za usiku bado zinawaka juu ya vyungu. Agosti na Septemba usiku wetu bado unafikia saa 12, na mche mdogo ukiachwa gizani sasa utaanza kuchanua ukiwa na shina moja la sentimita 15. Ua litakuwa dogo na litawahi.

Septemba 9: kukata ncha

Kila mche umekatwa ncha, ukaachiwa majani 5 au 6. Kwenye kila kikwapa cha jani litatoka tawi, na kila tawi litabeba taji lake jekundu. Aina fupi za kisasa zinatawanya matawi vizuri. Zile ndefu za uani hutoa matawi 2 au 3 tu ya juu kisha zinakimbilia angani. Kwenye chungu hazipendezi, bora zibaki uani.

Inzi weupe wameonekana. Ukipapasa majani wanaruka kama vumbi, na chini ya jani kuna vidoa vya watoto wao visivyotembea. Hawa hustawi kwenye muhogo, nyanya, viazi vitamu na bamia, kwa hiyo kitalu cha maua kikipakana na bustani ya mboga, vita haiishi. Tumening'iniza vipande vya bati vilivyopakwa rangi ya njano na grisi, usawa wa ncha za mimea. Dawa ni mbegu za mwarobaini: gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa lita 1 ya maji, zinalala usiku mmoja, zinachujwa kwa kitambaa, zinaongezwa sabuni ya maji kidogo, zinapulizwa jioni chini ya majani, kila baada ya siku 5 hadi 7. Kazi hii imalizike kabla ya Novemba. Majani yakishakuwa mekundu, karibu kila dawa huacha madoa.

Septemba, wiki ya mwisho: kibanda cha giza

Kibanda ni fremu ya mirunda, urefu wa mita 6, upana mita 1 na nusu, kimo mita 1 na robo, upande wa mashariki wa nyumba. Upande umechaguliwa kwa sababu: kuanzia saa 10 jioni kivuli cha nyumba kinakifunika, kwa hiyo tunaweza kukifunga mapema bila kuikaanga mimea.

Pazia ni kitambaa cheusi kizito, tabaka mbili, na juu yake shuka jeupe la kurudisha joto. Turubai na nailoni nyeusi tumezikataa. Zinaleta giza zuri, ila joto na jasho havina pa kutokea, na asubuhi majani yanakuwa yameloa, jambo linaloalika ukungu.

Kipimo cha giza: mtu anaingia ndani saa 7 mchana, anafungiwa, anakaa dakika 10 mpaka macho yazoee. Akiona nukta yoyote ya mwanga, panashonwa. Akiweza kuona kiganja chake mwenyewe, pazia halifai.

Oktoba 1 hadi 15: giza limeanza

Taa za usiku zimezimwa siku ile ile pazia liliposhushwa. Ratiba ni saa 11 jioni mpaka saa 1 asubuhi, saa 14 kamili, kila siku, Jumapili na sikukuu ikiwemo. Kurukaruka hakufai kitu. Siku moja ikikosekana huchelewesha. Zikikosekana kadhaa, ncha huacha ua njiani na kurudi kwenye majani, na chungu hicho hakitawahi Krismasi.

Adui wa pili ni joto. Usiku ukizidi nyuzi joto 23 hivi, poinsetia huchelewa kutengeneza ua hata giza likiwa kamili. Pwani yetu mwezi huu usiku uko kwenye mpaka huo huo, na chini ya pazia huongezeka. Kipimajoto kilichotundikwa ndani kilionyesha nyuzi 29 saa 12 jioni, wakati nje ni 27. Dawa yake ni kutumia giza la Mungu pale linapopatikana. Jua linazama saa 12 na robo. Ikifika saa 1 na nusu usiku, nje ni giza totoro, kwa hiyo pande zote mbili za pazia zinakunjwa juu na upepo wa bahari unapita katikati ya vyungu. Saa 11 kasorobo alfajiri, kabla anga halijapauka, zinashushwa tena mpaka saa 1. Joto la usiku limeshuka hadi 24, na pakitulia vizuri 23. Kunyunyizia maji sakafuni kabla ya kufunga kunasaidia pia, mradi majani yasiloane.

Ufunguzi huu wa usiku unawezekana tu pasipo na taa. Taa ya ulinzi ya jirani, taa ya barabarani, bodaboda inayogeuza pale pale kila siku, tochi ya simu ya mtu anayepita kuangalia maua: zote ni mchana kwa poinsetia. Mwezi mpevu hauna madhara, mwanga wake ni hafifu mno. Nyumba iliyozungukwa na taa iache pazia limefungwa usiku kucha, ikubali kuchelewa kidogo.

Mwenye vyungu viwili vitatu nyumbani hahitaji kibanda. Boksi kubwa la kadibodi lililozibwa matundu linatosha, au stoo isiyo na dirisha ambayo hakuna anayewasha taa. Mchana vyungu lazima virudi kwenye mwanga mkali wenye kivuli chepesi. Mmea uliofungiwa gizani mchana na usiku hauwi mwekundu, unadondosha majani.

Oktoba, wiki ya mwisho: amarilisi

Vitunguu vya amarilisi vimekaa vikavu stoo tangu katikati ya Agosti, majani yamekatwa, bila tone la maji. Mapumziko ya wiki 8 hadi 10 ndiyo yanayoleta bua la ua. Sasa vinapandwa. Chungu kiwe kipana kuliko kitunguu kwa sentimita 3 hadi 5 tu, na theluthi moja ya kitunguu ibaki juu ya udongo. Maji ya kwanza ni mengi, kisha kidogo sana mpaka bua litokeze. Ua huchukua wiki 6 hadi 8, na joto kama la kwetu huliwahisha, kwa hiyo tunapanda kwa awamu mbili: nusu sasa, nusu Novemba 8.

Kwa kweli hili ndilo ua rahisi zaidi kwa Krismasi ya pwani. Halijali urefu wa usiku, linapenda joto, na desturi yake ya kulala kiangazi na kuamka kwa maji inaendana na majira yetu. Kuna ndugu yake wa mwituni hapa kusini, lile tufe jekundu la nyuzi nyingi linalochomoza ardhini mvua za kwanza zikinyesha. Ni zuri mno. Liachwe porini lilipo.

Viwavi wawe machoni: ni weusi wenye mabaka ya njano, hula usiku, hutoboa bua na kushuka mpaka ndani ya kitunguu. Waokote kwa mkono kabla hawajazama. Na vitunguu hivi ni sumu, vinafanana kabisa na vitunguu maji, kwa hiyo visihifadhiwe jikoni wala karibu na jikoni.

Kakitasi ya Krismasi tumeulizwa mara nyingi. Asili yake ni milima ya pwani ya Brazili, kwenye ubaridi na ukungu. Hapa ufukweni usiku una joto mno, vitumba havitoki au vinadondoka. Juu ya uwanda wa Makonde, kule Newala, ina nafasi nzuri zaidi.

Novemba 10

Rangi imeanza. Majani ya juu kabisa yanatoka na mishipa myekundu, kisha wekundu unatambaa kuelekea ukingoni. Ukitazama katikati ya taji kwa karibu, vifundo vya ua vinaonekana kama vichwa vya pini.

Vyungu 5 vya upande wa barabara viko nyuma kwa kama wiki mbili. Pazia limeacha mwanya wa vidole viwili pale kona ya chini, na taa za magari zinapenya. Mwanya umezibwa kwa mfuko wa mchanga.

Mbolea imepunguzwa nusu. Mabadiliko mengine ni kalsiamu: jani jekundu linakua upesi kuliko kalsiamu inavyolifikia, hasa hewa ikiwa na unyevu mwingi kama sasa matlai, upepo wa mashariki, imepita na kaskazi, upepo wa kaskazini, inaingia. Ncha zake hukauka rangi ya kahawia, halafu ukungu wa kijivu unapata mlango. Tunapuliza kalsiamu naitreti, gramu 2 kwa lita, asubuhi, mara moja kwa wiki, na tutaacha majani yakishafunguka. Vyungu vimetenganishwa ili majani yasigusane.

Novemba 28

Mvua imeanza. Juu ya fremu tumeweka nailoni angavu ya kuzuia matone, pande zikiwa wazi mchana. Jani jekundu lililolala na maji linapata madoa ambayo hayafutiki. Kumwagilia ni asubuhi tu, kwenye udongo, na chungu kinainuliwa kwanza: kikiwa chepesi, kinapewa maji mpaka yatoke chini, kama robo lita, kikiwa kizito, kinaachwa. Vyungu vinavyonyauka huku udongo umeloa vina mizizi iliyooza. Kuvimwagia zaidi ni kuvimaliza.

Vidugamba vyenye unga mweupe kama pamba vimeonekana kwenye vikwapa vya majani ya vyungu viwili. Kila kimoja kimefutwa kwa kijiti cha pamba kilichochovywa spiriti, na vyungu vimetengwa.

Desemba 12

Vyungu vingi vimekolea na vifundo vya katikati vimeanza kutoa chavua ya njano. Hivi havirudi tena gizani. Vile vya upande wa barabara vitaendelea na pazia hadi Desemba 20.

Kuvisafirisha: kila chungu kinafungwa gazeti kwa umbo la koni, kutoka chini kwenda juu, matawi yakikusanywa kwa upole. Shina la poinsetia linavunjika kirahisi kwenye kifundo. Kwenye bodaboda kiwekwe ndani ya boksi katikati ya dereva na abiria; upepo wa safari ya Mikindani unatosha kuchana majani. Gazeti linafunguliwa siku hiyo hiyo, likiachwa zaidi majani yanajikunja kuelekea chini.

Desemba 18: maelekezo yanayokwenda na kila chungu

Maelekezo ya nje yanayopatikana kwenye vibandiko yameandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya wakati wa theluji: weka dirishani penye jua, kinga na baridi, nyuzi 18 hadi 21. Dirisha la Mtwara la upande wa magharibi mwezi Desemba litaichoma. Iwekwe penye mwanga mwingi wa asubuhi, ndani ya nyumba, mita moja au mbili kutoka dirishani.

Isikae mbele ya feni wala chini ya kiyoyozi. Hewa hiyo inakausha majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapa maji.

Isiwekwe meza moja na matunda. Desemba ni maembe, na embe bivu, kama ndizi mbivu, hutoa gesi inayofanya poinsetia idondoshe majani na vifundo vya ua. Chungu kizuri mezani pembeni ya sinia la maembe kinaweza kubaki vijiti kabla ya mwaka mpya.

Karatasi za kung'aa za mapambo zinaruhusiwa ikiwa zimetobolewa chini. Zisipotobolewa zinageuka beseni, na mizizi inazama. Sahani ya chini imwagwe nusu saa baada ya kumwagilia, kwa ajili ya mizizi na kwa ajili ya mbu.

Wanaopamba kanisa: vyungu vikae pembeni mwa madhabahu mbali na mishumaa, na mtu mmoja apewe kazi ya maji, mmoja tu. Wakiwa watatu, kila mmoja anamwagilia kwa zamu yake bila kujua, na ifikapo Krismasi yenyewe majani ya chini yamekuwa njano.

Januari, wiki ya pili

Awamu ya kwanza ya amarilisi ilichanua wiki ya pili ya Desemba, ya pili ikaangukia Krismasi. Mwakani zote zitapandwa Novemba 5 hadi 10. Mabua yaliyonyauka yanakatwa, majani yanaachwa na kulishwa mbolea hadi Julai, maana ndiyo yanayonenepesha kitunguu.

Poinsetia zilizobaki kitaluni zitapogolewa mwezi Machi, zikiachwa sentimita 15 hadi 20. Mwenye chungu nyumbani ana njia mbili. Anaweza kukipogoa vivyo hivyo na kukirudisha gizani Oktoba. Au akipande ardhini mvua zikiwa bado zinanyesha, mahali pasipotuamisha maji na pasipomulikwa na taa usiku. Huko hakuna pazia litakalohitajika. Kitakuwa chekundu chenyewe mwezi Juni.